Maswali ya hesabu yanayompa tiki mtoto asiyejua

Chukua hesabu hii, 9 + 7 − 4. Mpe mtoto wa darasa la sita hapo nyumbani, atakwambia 12, utamtia tiki, mambo safi. Haya, sasa mpe 12 − 5 + 3 uone vituko. Wengi watakuletea 4, tena kwa kujiamini, na ukimuuliza imekuwaje anakushangaa wewe: "Si MAGAZIJUTO maalim, kujumlisha kwanza ndo kutoa." Hicho ni kifupisho cha mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Yaani kachukua 5 na 3 kafanya 8, halafu 12 toa 8. Jibu ni 10, maana kujumlisha na kutoa hakuna mkubwa wala mdogo, unakwenda nazo kutoka kushoto, na ile alama ya kutoa ni ya 5 peke yake, ile 3 haihusiki.

Utamu wenyewe ni kwamba kwenye GAZI mtoto huyo huyo hapati taabu. 6 × 8 ÷ 4, akigawanya kwanza 12, akizidisha kwanza 12. 24 ÷ 4 × 2, MAGAZIJUTO inamwambia gawanya kwanza, na ndo sawa, 12. Kwahivo kifupisho kinamwendea vizuri miezi na miezi, kinakuja kumtupa kwenye JUTO, na hata kwenye JUTO penyewe inategemea mwalimu kaandika namba zipi. Akiandika 9 + 7 − 4, halafu 15 + 2 − 6, halafu 20 + 8 − 3, ukurasa mzima hivo hivo, mtoto anapata zote na si yeye wala mwalimu anaejua kama kweli anajua.

Mie nasomesha hisabati sekondari huku Pemba na baada ya alasiri nna tuisheni ya wadogo, na ombi ninalopata zaidi kwa wazazi na walimu wenzangu ni "maalim tutumie maswali ya mazoezi", mengi, hamsini, mia, pasti pepa za miaka yote, chochote. Nnawaelewa. Lakini mengi kwa mengi yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hayapimi kitu. Swali linalofaa ni lile ambalo ukipita njia mbovu hufiki. Kama njia mbovu na njia nzuri zinafika pahala pamoja, basi mtoto anazidi kuizoea ile mbovu na sisi tunamtilia tiki juu yake.

Na sie walimu tunapenda namba nzuri nzuri, hapo ndo tunapojiponza. Tunafundisha kipeo cha pili, mfano wa kwanza ubaoni lazima uwe 2, kwa sababu ni rahisi. Sasa 2 kipeo cha pili ni 4 na 2 mara 2 ni 4 na 2 jumlisha 2 ni 4, mtoto anaedhani kipeo cha pili maana yake zidisha kwa mbili kapata kama mwenzake alieelewa. Andika 3 hapo, mmoja atakwambia 9 mwengine 6, umeshawajua. Au mstatili wa sentimita 6 kwa 3: eneo lake 18, mzingo wake 18! Anaechanganya eneo na mzingo kapona. Kwa namba kamili ni mistatili miwili tu yenye tabia hii, huo na mraba wa 4 kwa 4, na wallahi yote miwili imejaa kwenye madaftari kwa sababu namba zake zinapendeza. Tumia 7 kwa 3, eneo 21, mzingo 20, mambo yatajitenga yenyewe.

Desimali nazo zina hila yao. Ukiuliza ipi kubwa kati ya 0.62 na 0.35 kila mtu anapata, hata anaesoma zile tarakimu kama sitini na mbili na thelathini na tano za kawaida. Uliza 0.5 na 0.35. Yule wa kusoma kama namba za kawaida atachagua 0.35, kwa sababu 35 imeishinda 5. Lakini usisimame hapo, maana wapo waliojitungia kanuni yao ya upande wa pili, kwamba desimali ndefu ndo ndogo, hao 0.5 na 0.35 wanapata vizuri kabisa. Wao unawashika kwa 0.8 na 0.85. Kwahivo maswali mawili tu uliyoyachagua yanakupa habari kuliko ishirini uliyoyamwaga.

Kuna jambo jengine, mpangilio. Zoezi la kawaida linakuwa na kichwa juu, "Ujazo wa silinda", halafu maswali kumi ya silinda. Mtoto hasomi swali tena, anatafuta namba mbili anazitia kwenye fomula. Ujuzi wa kuamua hii ni silinda au ni koni hajautumia hata mara moja, na kwenye mtihani hakuna mtu atakaemuandikia kichwa. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Doug Rohrer na Kelli Taylor, walilijaribu hili na wanafunzi wa chuo kikuu, wakawafundisha ujazo wa maumbo manne ambayo hawakuyazoea, kundi moja likafanya mazoezi umbo kwa umbo, jengine yakachanganywa. Wakati wa mazoezi wale wa umbo kwa umbo walipata asilimia 89 na wa kuchanganya 60. Wiki moja baadae wakapewa mtihani: umbo kwa umbo asilimia 20, waliochanganya 63. Mie nikiwaonesha walimu namba hizi wanauliza kama sijazigeuza.

Sasa ugumu wake ni kwa wazazi. Karatasi ya mchanganyiko inarudi nyumbani na mikasi mingi kuliko tiki, mama anasema mtoto kaporomoka tokea aanze kwa maalim huyu. Nnawaambia tu wasubiri. Ila na mie sichanganyi siku ya mwanzo, mtoto anaeanza mada anahitaji kwanza kuona hesabu zilizokwishafanywa hatua kwa hatua, azisome, aulize, na mbili tatu za kufanana ajaribu mwenyewe. Baada ya hapo karatasi yangu inakuwa na maswali matatu ya leo na matano ya zamani, yaliyotiwa ovyo ovyo bila kichwa.

Mifano ya kwetu watu wanaisifu sana, na sijui kama wanajua faida yake iko wapi. Kubadilisha tufaha ukaandika embe hakumsaidii mtu. Faida ipo pale mtoto anapoijua ile shughuli kiasi cha kuweza kulikataa jibu lake mwenyewe. Pishi moja vibaba vinne, hii hata mdogo wa Wete au Kojani anaijua. Swali: mchumaji wa karafuu kachuma vibaba 30 kwa siku, analipwa shilingi 1,600 kwa pishi, apate ngapi? Sahihi ni 30 gawa kwa 4, pishi saba na nusu, 12,000. Anaezidisha badala ya kugawa anapata pishi 120 na shilingi 192,000, na hapo sina haja ya kusema neno, mtoto ashawahi kupanda mkarafuu au kukaa chini yake akichambua makonyo, anajua hakuna mtu anaechuma pishi 120 kwa siku akiwa peke yake. Anafuta mwenyewe. Swali la treni mbili zinazopishana halimpi msaada huo, treni yenyewe hajaiona.

Na mirathi, jamani, tunaiwachia madrasa tu. Mtu kafa kawacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke thumni (1/8), mama sudusi (1/6), kilichobaki cha mtoto. Watoto wakubwa wanaosoma faraidhi wanakwambia bila kusita asili ya masala, yaani mafungu yote, ni 24, mke 3, mama 4, mtoto 17. Wachukue hao hao uwape 1/8 + 1/6 kwenye daftari la skuli, watakaokuandikia 2/14 utawaona. Ni hesabu ile ile moja! Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa kule Baghdad karne ya 9, sehemu kubwa ya kazi yake ya aljebra aliitia masuala ya wasia na mirathi, sie tumeyatenganisha kama hayajuani. Mpe milioni 24 za kugawa, na yule wa 2/14 mwambie agawe kwa njia yake: 2/14 ni 1/7, kwahivo mke na mama wote wawili wanapata kama milioni tatu na nusu hivi, wakati thumni ya mke peke yake ni milioni 3. Mama kabakiwa na nini? Atatafuta kosa mwenyewe, na KDS (kigawe kidogo cha shirika, hapa 24) itamkaa.

Mzazi usiejua hesabu nawe unaweza kufanya hii kazi, usikimbie. Muulize mtoto "umefikaje hapo" alipokosa na alipopata pia, hasa alipopata. Kama unataka swali moja la kuanzia leo usiku, chukua hili: kanga bei yake 20,000, ikapanda kwa asilimia 10, mwezi wa pili ikashuka kwa asilimia 10, sasa shilingi ngapi? Ni 19,800. Anaekwambia imerudi 20,000 usimwambie kakosa, muulize ile asilimia 10 ya pili kaitoa kwenye shilingi ngapi.