Mgodi kuota pori si mgodi kufungwa

Kwenye basi la Mbeya kwenda Makongolosi hakosi abiria wa kukuonyesha kichaka na kusema, "Hapo palikuwa na mgodi, ukafungwa zamani, sasa mazingira yamerudi." Mgodi ulikuwepo, hapo hatubishani. Kufungwa ndiko kunakonikera.

Kufunga mgodi ni kazi yenye mpango na bajeti: kufukia mashimo au kuyaziba, kusawazisha vifusi, kurudisha udongo wa juu, kupanda na kufuatilia kwa miaka. Migodi mikubwa siku hizi hudaiwa dhamana ya ukarabati mapema, kampuni isije ikaondoka na kuacha mahandaki.

Machimbo mengi ya zamani ya Lupa, eneo la dhahabu la huko Chunya, hayakupata bahati hiyo. Dhahabu ilianza kuchimbwa huko 1922, miaka ya 1930 watu wakafurika, ile ya kuokota mitoni ikapungua, wakahama. Waliacha tu. Kilichofuata ni kazi ya miombo, na miombo ina hila yake: mti uliokatwa kwa kuni au nguzo za shimoni huchipua tena kisikini, kwa sababu mizizi haikuguswa. Ukikaribia utaona mashina manne matano yametoka kisiki kimoja. Kwa mbali ni msitu.

Sasa geukia rundo la marudio, ule mchanga uliobaki baada ya kuchenjua, yaani kutenganisha dhahabu na mawe. Hapo hakuna mizizi wala udongo wa kushika mbegu. Katikati peupe, nyasi zimejikusanya pembezoni. Zebaki iliyotumika kukamata dhahabu haiozi. Mvua ikiisomba hadi kwenye tope la mtoni, vijidudu huigeuza kuwa sumu inayoingia kwa samaki. Dhahabu nayo haikuisha yote, ndiyo maana marudio ya zamani bado yanasombwa kupelekwa plenti, kwenye mitambo ya kuchenjua tena. (Mgodi gani uliofungwa unapakiwa kwenye lori?)

Halafu kuna maduara, yaani mashimo ya wachimbaji. Duara wazi unaliona na kulikwepa. Lililofunikwa na majani humeza mbuzi, na mchunga mbuzi pia. Uoto hapo umeongeza hatari.

Kwa hiyo, ndugu abiria, sema tu "machimbo yaliyoachwa, yameota pori". Basi likiharibika maeneo hayo na haja ikikubana, usiingie mbali kichakani.