Mtoto wa mgongoni mwenye miaka kumi na miwili: dhana potofu kuhusu namba na umri kwa Kifaransa

Jioni moja darasani kwetu, Mwanjelwa jijini Mbeya, mama mmoja alijitambulisha kwa Kifaransa chake cha wiki ya tatu. Akataja jina, akataja mtaa, kisha akageuza bega kutuonyesha mwanawe aliyelala mgongoni ndani ya kitenge: "Il a douze ans." Ana miaka kumi na miwili. Mtoto ana miwili. Darasa zima lilitikisa kichwa kukubali, hakuna aliyesikia kosa, nami nikajua kazi ninayo.

Wanafunzi wangu ni vijana wanaotaka kuongoza watalii Ruaha, madereva wa malori ya Kongo, na wachache waliokuja kwa kupenda tu. Kila kundi jipya huingia na dhana zilezile.

Dhana: Anayejua Kiingereza, Kifaransa kwake ni mteremko

Kwenye umri, Kiingereza kinapotosha. Uliza "Quel âge as-tu?" na wengi watakujibu "Je suis vingt ans", yaani "mimi ni miaka ishirini", kwa sababu Kiingereza walichosoma shuleni hutumia "ni" mahali hapo.

Ukweli ni kwamba Kifaransa husema kama sisi. "J'ai vingt ans": nina miaka ishirini. Neno kwa neno. "J'ai" ni nina, "tu as" ni una, "il a" na "elle a" ni ana, "nous avons" ni tuna, "vous avez" ni mna, "ils ont" ni wana. Na haiishii kwenye umri. Nina njaa: "j'ai faim". Nina kiu: "j'ai soif". Nina usingizi: "j'ai sommeil". Baridi ndiyo tunapoachana kidogo, maana sisi tunaisikia na Mfaransa anayo: "j'ai froid". Sentensi hiyo huku kwetu ikishafundishwa mwezi wa sita, inapata mazoezi ya kutosha hadi wa nane.

Mimi mwenyewe nilifundishwa Kifaransa kwa kupitia Kiingereza. Mwaka mzima nilikuwa nasahihishiwa kosa ambalo Kiswahili kisingeniacha nilifanye. Ndiyo maana darasani kwangu tafsiri hupitia Kiswahili, na anayeleta Kiingereza namrudisha mlangoni, kwa utani.

Angalizo: "ans" haiachwi. Ukisema "j'ai vingt" ukanyamaza, Mfaransa atangoja umwambie ishirini za nini. Na "je suis" haijafukuzwa kabisa, maana iko "je suis âgé de vingt ans", nina umri wa miaka ishirini, ambayo huipata zaidi kwenye maandishi. Mwanamke huandika "âgée".

Dhana: Herufi ya mwisho ya Kifaransa haitamkwi

Hii ndiyo iliyomwongezea yule mtoto miaka kumi. Mwanafunzi anaambiwa "deux", yaani mbili, haina x mdomoni, anaridhika, kisha anakutana na "ans". Neno linaloanza na irabu likifuata, konsonanti iliyolala huamka. "Deux ans" hutamkwa kwa z katikati, vilevile "trois ans", "six ans" na "dix ans". Kwenye "vingt ans" na "cent ans" inaamka t. Kwenye "neuf ans", f inageuka v.

Sasa weka "deux ans" kando ya "douze ans". Zote zina d, zote zina z, zote zinaishia na "ans". Kinachotofautisha ni irabu moja tu: "ou" ya "douze" ni u yetu ya kawaida, "eu" ya "deux" hatuna. Dawa yake: sema e, shikilia, kisha bila kusogeza ulimi viringisha midomo kama unayetaka kusema o. Mama yule alifanya hivyo mara ishirini mbele ya kioo cha simu yake, mtoto akaamka, akaanza kumwiga. Mtoto alimshinda.

"Six" na "dix" zina tabia tatu. Zikisimama peke yake, mwishoni ni s. Mbele ya irabu ni z. Mbele ya konsonanti, kimya: "six mois", miezi sita. Nayo "vingt" ikiwa peke yake t haisikiki, lakini kuanzia 21 hadi 29 inasikika, halafu kuanzia 81 hadi 99 inalala tena. Sina maelezo ya kumfurahisha mtu hapo. Ni kukariri.

Dhana: 80 ya Wafaransa ni hesabu ya kichaa

Naleta maharage. Punje ishirini, fungu moja. Mafungu manne mezani: "quatre-vingts", ishirini nne. Ongeza punje kumi pembeni: "quatre-vingt-dix", 90. Ongeza tisa: "quatre-vingt-dix-neuf", 99. Kwa 70 tunarudi kwenye sitini na kumi, "soixante-dix", na 71 ni sitini na kumi na moja, "soixante et onze". Anayeuza nyanya kwa mafungu sokoni huelewa hili kabla ya mwenye digrii.

Kuhesabu kwa ishirini ni mazoea ya kale huko. Paris kuna hospitali ya macho iitwayo Quinze-Vingts, ishirini kumi na tano, iliyoanzishwa karne ya 13 na Mfalme Louis IX kwa ajili ya vipofu 300.

Ugumu wenyewe uko kwenye simu. Namba za Ufaransa zina tarakimu 10 na husomwa mbili mbili. Mwanafunzi akisikia "soixante" anaandika 6, halafu inakuja "quinze", kumbe ilikuwa 75. Kanuni ya darasa: ukisikia "soixante" au "quatre-vingt", kalamu isiguse karatasi mpaka msemaji apumue.

Dhana: "Septante" ni Kifaransa kibovu cha Kongo

Madereva wanaotoka hapa kwenda Tunduma, wakapita Zambia hadi Kasumbalesa na Lubumbashi, hurudi na "septante" kwa 70 na "nonante" kwa 90. Wenzao walioshika kitabu cha Paris huwacheka. Wasiwacheke. Ubelgiji na Uswisi husema hivyo hadi ofisini, na Kongo, Rwanda na Burundi walirithi kwa Wabelgiji. Kwa 80 Wabelgiji na Wakongo husema "quatre-vingts" kama Wafaransa, ila sehemu za Uswisi husema "huitante". Nafundisha zote mbili: moja ya kuisema, nyingine ya kuielewa.

Mengine ya harakaharaka

Namba hazibadiliki kwa jinsia, isipokuwa "un" ambayo huwa "une". Sisi wenye watu wawili, miti miwili na vitabu viwili hatuna haki ya kulalamika. Tarehe nazo ni za kwetu: "le premier" ni tarehe mosi, kisha "le deux", "le trois" na kuendelea kwa namba za kawaida. Lakini koma si ya kwetu. Bei iliyoandikwa 1,500 kwa Mfaransa ni moja na nusu, elfu moja na mia tano yeye huiandika 1 500.

Dhana: "Vous" ni kwa watu wengi tu

Darasani tuna mstaafu mmoja, wa kwanza kufika kila jioni. Msichana wa Ruaha alimgeukia kwa zoezi la umri: "Quel âge as-tu?" Wanyakyusa waliokuwepo waliguna kabla yangu, kwa kuwa kwao mkubwa huamkiwa "Mugonile", kwa wingi, hata akiwa peke yake. Msichana akaanza upya: "Bonjour monsieur, quel âge avez-vous?"

"Soixante et onze ans," mzee akajibu.

"Septante et un," dereva akasema kutoka nyuma.

Mzee akageuka, akamwangalia. Dereva akamwamkia shikamoo, akaitikiwa, tukaendelea na 72.