Jina la Cohen: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Wasomaji wa Biblia wanamfahamu kuhani. Cohen, jina la ukoo la Kiyahudi, ni cheo hichohicho kwa Kiebrania, na ndiyo sababu wengi hulichukulia jina hili kama cheti cha nasaba.

"Kila Cohen ni kuhani, mzawa wa Haruni."
Si lazima. Ukuhani hupita kwa baba tu. Aliyerithi jina kwa mama yake si kuhani, wala mtoto wa kuhani aliyeoa mwanamke aliyeachika. Isitoshe, Wayahudi wengi wa Ulaya ya kati na mashariki hawakuwa na majina ya ukoo ya kudumu. Walijulikana kwa majina ya baba zao mpaka serikali zilipowalazimisha: Austria mwaka 1787, Ufaransa 1808, Prussia (dola ya Wajerumani) 1812. Kwa hiyo jina peke yake si ushahidi wa nasaba ya kale.

Nchini Israel jambo hili lina uzito wake. Ndoa za Wayahudi huko hufungwa chini ya marabi, yaani viongozi wa dini ya Kiyahudi, na sheria ya dini inamkataza kuhani kumwoa mwanamke aliyeachika au aliyeongokea Uyahudi. Bwana Cohen akifika na mchumba wa namna hiyo, jina lake tu linatosha kumwekea kizuizi, na mzigo wa kueleza kuwa yeye si kuhani unamwangukia yeye.

"Asiyeitwa Cohen si kuhani."
Makuhani wa majina mengine wapo tele. Katz, ambalo wengi hudhani ni neno la Kijerumani la "paka", ni kifupisho cha maneno ya Kiebrania yenye maana ya "kuhani wa haki". Kahn, Kaplan na Rappaport nayo mara nyingi ni ya makuhani. Kirusi hakina "h" ya Kiebrania, kwa hiyo huko jina likawa Kogan au Kagan.

"DNA imeshamaliza ubishi."
Utafiti wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba wanaume wengi wanaojitambulisha kuwa makuhani wanashabihiana katika kromosomu Y, ambayo mwana huirithi kwa baba yake, kuliko Wayahudi wengine. Ni ushahidi mzuri, lakini wa kundi. Alama za DNA zilizotumika mwanzoni zimekutwa pia kwa watu wasio Wayahudi, kwa hiyo kipimo hakiwezi kumtawaza mtu ukuhani.

"Ni jina la nadra."
Labda kijijini kwako. Nchini Israel ndilo la kwanza kwa wingi, likifuatwa na Levi.

"Maofisa wa Ellis Island ndio waliovuruga majina."
Hadithi tamu, lakini maofisa wa kituo hicho cha kupokea wahamiaji New York walifuata orodha za abiria zilizoandikwa bandari ya kuondokea. Waliobadili majina kwa kawaida walifanya hivyo wenyewe, baada ya kuhamia Marekani.

"Likisikika kama Cohen, ni la Kiyahudi."
George M. Cohan, nyota wa maigizo ya Broadway, New York, aliyezaliwa mwaka 1878, alidhaniwa hivyo na wengi. Alikuwa Mkatoliki wa asili ya Ireland.