Jaji hafuati tu chama kilichomteua

Wengi huamini kwamba jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani humtumikia rais aliyemteua: taja chama, umeshajua hukumu. Mara nyingi utapatia. Lakini maelezo hayo yanasahau jambo zito, nalo ni jina la jaji mwenyewe.

Jaji huyo anaweza kukaa kazini hadi kufa, na mshahara wake haupunguzwi. Haombi kura kwa mtu. Kinachobaki kumsumbua ni namna atakavyokumbukwa, hasa akiwa Jaji Mkuu, kwani enzi nzima huitwa kwa jina lake: Mahakama ya Warren, Mahakama ya Roberts. Mwaka 2012 Jaji Mkuu John Roberts, mteule wa rais wa Republican, George W. Bush, aliungana na majaji wanne walioteuliwa na marais wa Democratic kuiokoa sheria ya bima ya afya ya Obama, kura 5 kwa 4. Moyo wake hatuusomi, ila heshima ya mahakama hiyo ameitetea hadharani kwa miaka mingi.

Tamaa ya jina si ubaya wakati wote. Mwaka 1896, katika kesi ya Plessy, Jaji John Marshall Harlan alipinga peke yake ubaguzi wa rangi kwenye treni. Alishindwa siku ile, lakini leo ndiye anayesomwa kwa heshima.

Ila kujali jina hugharimu pia. Jaji Ruth Bader Ginsburg, mteule wa rais wa Democratic, hakustaafu wakati wa Obama, wa chama hichohicho, ingawa alishauriwa. Alifariki Septemba 2020, na Donald Trump, wa Republican, akaijaza nafasi yake.