Great Ocean Road sio ya kwenda na kurudi siku moja

Wengi wakiiona hii barabara ya pwani kule Australia, km 240 hivi kwenye ramani, Torquay mpaka Allansford, wanasema aah masaa matatu tu, asubuhi tunatoka Melbourne jioni tumerudi. Jamani, hiyo sio haiwei. Kutoka mji wa Lorne mpaka mji wa Apollo Bay ni kona juu ya kona, mwamba huku bahari kule, ukikuta basi la watalii mbele yako ndo basi tena, halafu ukishapita Apollo Bay bahari yenyewe inapotea unaingia msitu wa Otway. Lala Apollo Bay bana. Kesho yake wahi Twelve Apostles, ile minara ya mawe ya chokaa baharini (mmoja uliporomoka 2005). Na anzia Torquay, Australia wanaendesha kushoto kama kwetu, kwahiyo bahari inakuwa upande wako na kupaki ni rahisi.