Je, wajua kwa nini mbinu ya faida sokoni hufundishika kwa wiki mbili, lakini wachache huiweza?

Mwulize mtu anayefuatilia soko la hisa ni nini kinachomtofautisha mfanyabiashara anayevuna faida mwaka hadi mwaka na yule anayemaliza mtaji kabla mwaka haujaisha, na aghalabu atakujibu kwamba wa kwanza anajua kubashiri. Anajua bei itapanda lini, itashuka lini, na anapatia mara nyingi kuliko anavyokosea. Dhana hiyo imeenea kiasi kwamba matangazo ya kozi za biashara ya hisa na ya fedha za kigeni hayahangaiki hata kuieleza. Hutaja tu kiwango cha kupatia, asilimia 80 au 90, na msomaji hujaza mengine mwenyewe. Kutokana na dhana hiyo huzaliwa nyingine, kwamba mtu aliyekwisha kupata mbinu inayolipa angekuwa mwendawazimu kuifundisha. Hii ya pili ina chembe ya ukweli ambayo tutaifikia. Ile ya kwanza ni kosa la hesabu, na inastahili kuvunjwa taratibu.

Tuchukue wafanyabiashara wawili wa kubuni, kila mmoja akifanya biashara mia moja. Wa kwanza anapatia mara 70 na kukosea mara 30. Anapopatia huvuna shilingi elfu moja, lakini anapokosea hushindwa kukubali hasara na kungoja bei irudi, hivyo kila kosa humgharimu shilingi elfu tatu. Mavuno yake ni elfu 70 na hasara zake ni elfu 90, kwa hiyo mtu huyu anayepatia mara saba katika kila kumi amepoteza shilingi elfu 20. Wa pili anapatia mara 35 tu. Anapokosea hujitoa upesi na kupoteza elfu moja, na anapopatia huiacha faida ikue hadi kufikia, kwa wastani, elfu mbili na mia tano. Mavuno yake ni shilingi 87,500 na hasara zake ni 65,000, naye anabaki na 22,500. Anayekosea karibu mara mbili katika kila tatu ndiye mwenye mbinu inayolipa. Kiwango cha kupatia, kikitajwa peke yake bila ukubwa wa faida na ukubwa wa hasara, hakimwambii mnunuzi wa kozi chochote.

Swali la kama jambo hili hufundishika liliwahi kupimwa kwa fedha halisi. Richard Dennis, mfanyabiashara wa Chicago aliyeanza na mkopo wa dola 1,600 kutoka kwa familia yake na kugeuka tajiri mkubwa wa masoko ya bidhaa kabla ya kufika miaka 35, alikuwa akibishana na mshirika wake, mwanahisabati William Eckhardt. Eckhardt alishikilia kwamba kipaji cha biashara huzaliwa na mtu. Dennis aliamini kwamba hufundishika kama kazi nyingine yoyote. Mwishoni mwa 1983 walitangaza nafasi katika magazeti, likiwemo Wall Street Journal, wakapokea maombi zaidi ya elfu moja, wakachagua watu kumi na watatu wa kundi la kwanza, na mwaka uliofuata wakaongeza kundi la pili. Wanafunzi hao waliitwa Kasa, kwa sababu Dennis alikuwa ametembelea shamba la kasa nchini Singapore na kusema kwamba atafuga wafanyabiashara kama kasa wanavyofugwa huko. Mafunzo yalichukua wiki mbili, kisha kila mmoja akapewa fedha za Dennis mwenyewe azifanyie kazi. Hawakununua hisa hasa, bali mikataba ya bidhaa na fedha, yaani ahadi za kununua au kuuza kahawa, dhahabu, mafuta au dola kwa bei inayokubaliwa leo na makabidhiano ya miezi ijayo. Lakini mantiki ya walichofundishwa haibagui soko.

Sheria zenyewe, zilipokuja kuwekwa hadharani bila malipo mwaka 2003, ziliwashangaza wengi kwa wepesi wake. Bei ikivuka kilele cha siku 20 zilizopita, nunua. Ikishuka chini ya shimo, yaani bei ya chini kabisa, la siku 20, uza hata kabla hujanunua, ukitarajia kununua baadaye kwa bei ya chini zaidi. Ukiwa umenunua, jitoe bei ikianguka chini ya shimo la siku 10. Kulikuwa na mfumo wa pili wa polepole uliotumia siku 55 za kuingia na 20 za kutoka. Wazo la kuvuka kilele halikuwa geni hata kidogo, kwani Mmarekani mwingine, Richard Donchian, alikuwa amelitumia miongo kadhaa kabla. Aliyetarajia fomula ya siri iliyofichwa chini ya sakafu alikuta kitu ambacho mwanafunzi wa darasa la saba angeweza kukichora kwa rula.

Ili kuona kwa nini sheria nyepesi hivyo zilipe, mfikirie mvuvi wa mshipi anayemtafuta nguru. Kila anapotupa ndoano anagharimika chambo. Mara nyingi visamaki hudonoa chambo chote na ndoano hurudi tupu, na mara nyingine ndoano hunasa mwambani, naye hukata mshipi mapema badala ya kung'ang'ania hadi ngalawa ipinduke. Hajui nguru yuko wapi, wala hahitaji kujua. Anachohitaji ni kwamba chambo kiwe rahisi kuliko samaki. Nguru anapodaka, mvuvi hamvuti kwa pupa ili aende nyumbani kujisifu, bali humwachia mshipi akimbie mpaka achoke. Kasa walifanya hivyo hivyo. Bei nyingi zinazovuka kilele cha siku 20 hurudi zilikotoka, na hicho ndicho chambo kilicholiwa. Chache huendelea kupanda kwa miezi, na hizo ndizo zinazolipa chambo cha mwaka mzima. Anayekosa kutupa ndoano siku hiyo moja, kwa kuwa wiki nzima ilikuwa tupu, hubaki na gharama zote bila samaki.

Na wiki tupu zipo, tena nyingi. Mbinu inayokosea mara 65 katika mia ina uwezekano wa takriban mmoja kwa tatu wa kuleta hasara kumi mfululizo mahali fulani ndani ya biashara mia moja, hata kama kila biashara haihusiani na nyingine. Kwa kweli huhusiana, maana dhahabu na madini ya fedha hupanda na kushuka pamoja, hivyo hali halisi ni mbaya zaidi kuliko hesabu hii inavyoonyesha. Hapo ndipo swali la kiasi cha dau linapoingia, na kwa maoni yangu hili ndilo somo lenye thamani kuu kati ya yote waliyofundishwa Kasa, ingawa ndilo linalorukwa na wanaosimulia kisa chao. Anayeweka rehani asilimia 10 ya mtaji uliopo katika kila biashara, baada ya hasara kumi mfululizo, hubaki na asilimia 35 hivi ya mtaji na huhitaji karibu kuuzidisha mara tatu ili kurudi alipokuwa. Anayeweka rehani asilimia 2 hubaki na takriban asilimia 82. Mbinu ni ile ile na bahati mbaya ni ile ile, lakini mmoja yumo mchezoni na mwingine ametoka.

Dennis na Eckhardt waliigeuza kanuni hiyo kuwa hesabu ya kila siku. Walipima bei ya kila bidhaa husogea kiasi gani kwa siku, kwa wastani wa siku 20, wakakiita kipimo hicho N. Chukua mafuta ya kupasha joto nyumba, ambayo mkataba wake mmoja ni galoni 42,000. Ikiwa bei husogea kwa wastani wa dola 0.0141 kwa galoni kwa siku, mkataba mmoja hupanda au kushuka thamani kwa dola 592 hivi kila siku. Mwenye akaunti ya dola milioni moja alitakiwa kuchagua dau ambalo msogeo wa kawaida wa siku moja ungeigusa akaunti kwa asilimia 1, yaani dola 10,000. Gawanya 10,000 kwa 592, unapata 16 na ushei, hivyo alinunua mikataba 16, bila kubishana na nafsi yake. Kikomo cha hasara, yaani bei ambayo ikifikiwa mtu hujitoa, kiliwekwa umbali wa N mbili, kwa hiyo kosa moja lilikata takriban asilimia 2 ya akaunti. Soko lenye fujo lilipewa mikataba michache na soko tulivu likapewa mingi, na kwa njia hiyo kahawa na dola zikawa na uzito mmoja. Bei ikiendelea kwenda upande wake, mfanyabiashara aliongeza dau kila baada ya nusu ya N, hadi mafungu manne na si zaidi.

Ikiwa yote haya yanaweza kuandikwa kwenye kurasa chache, mbona wanafunzi waliokaa darasa moja walipata matokeo yaliyotofautiana sana? Curtis Faith, aliyekuwa na miaka 19 na mdogo kuliko wote, amesimulia kwamba mwezi wa kwanza kabisa soko la mafuta ya kupasha joto lilitoa ishara ya wazi, naye akaweka dau kamili alilofundishwa, ilhali baadhi ya wenzake walisitasita wakaweka pungufu. Walikuwa wamesikia maneno yale yale kutoka kwa mwalimu yule yule siku chache tu kabla. Dennis mwenyewe aliwahi kusema kwamba sheria zake zingeweza kuchapwa gazetini na bado watu wasingezifuata.

Matokeo ya jumla yalikuwa makubwa; faida inayotajwa kwa kawaida ni zaidi ya dola milioni 100 katika takriban miaka mitano, na baadhi ya Kasa, kama Jerry Parker, walianzisha kampuni zao wakasimamia fedha za wateja kwa miongo. Eckhardt alikiri kwamba alishindwa ubishi. Hata hivyo, mtu mwangalifu hawezi kulichukulia jaribio hili kama ushahidi uliokamilika. Watu wasiozidi dazeni mbili na ushei waliochujwa kutoka waombaji zaidi ya elfu moja si watu wa kawaida waliookotwa njiani, na hapakuwa na kundi la pili lisilofundishwa ambalo wangelinganishwa nalo. Miaka ile pia ilikuwa na mienendo mirefu ya bei iliyowafaa mno wanaofuata mwelekeo wa bei. Na Dennis mwenyewe, aliyezitunga sheria hizo, alijitoa sokoni mwaka 1988 baada ya hasara kubwa, na mpango wa Kasa ukafungwa mwaka huo.

Tukirudi kwenye hofu kwamba mbinu ikifundishwa hufa, kuna kipimo kizuri kutoka kwenye hisa za Marekani. Watafiti R. David McLean na Jeffrey Pontiff, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walikusanya vigezo 97 ambavyo wanazuoni walikuwa wamedai kwamba hutabiri mapato ya hisa, wakaangalia kilichotokea baadaye. Katika kipindi cha baada ya data ya awali lakini kabla ya kuchapishwa, faida ilikuwa chini kwa asilimia 26. Baada ya kuchapishwa ilikuwa chini kwa asilimia 58. Ile 26 haina uhusiano na kufundisha watu, kwani kwa sehemu kubwa inaelekea kuwa bahati ya takwimu ambayo haikuwa faida ya kweli tangu mwanzo. Tofauti iliyobaki ndiyo inayoweza kuhesabiwa kuwa gharama ya siri kujulikana na wengi. Kwa maneno mengine, kufundisha hupunguza faida bila kuiua yote, na hupunguza zaidi pale ambapo kuifuata mbinu ni rahisi. Hisa zilizo ghali kufanyia biashara, ambazo wengi huziepuka, ndizo zilizobakiza faida zaidi.

Kwa hiyo Dennis hakuwa mwendawazimu, lakini mpango wake una jambo moja ambalo wauzaji wa kozi hawaliigi. Kasa hawakulipa ada. Mtaji ulikuwa wa mwalimu, wanafunzi walipewa sehemu ya faida, na hasara zote zilimwangukia yeye. Mwalimu anayelipwa kabla ya darasa kuanza ana biashara nyingine kabisa, hata kama anafundisha kilele cha siku 20 neno kwa neno. Hasara za wanafunzi hazimgusi, nazo si haba. Watafiti wa Brazil waliowafuatilia watu walioanza biashara ya kununua na kuuza ndani ya siku moja kati ya 2013 na 2015 waliona kwamba, miongoni mwa waliodumu zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza fedha.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anayetaka kuzijaribu sheria za Kasa kwenye hisa za nyumbani atakutana kwanza na tatizo la soko lenyewe. Nusu ya mbinu ilikuwa kuuza kwanza na kununua baadaye, jambo ambalo mwekezaji mdogo wa hisa huku haliwezi kwa urahisi. Kikomo cha hasara nacho hudhani kwamba bei ikifika pale mnunuzi yupo, ilhali zipo hisa zinazopitisha siku nzima bila muamala hata mmoja, na katika soko la Nairobi bei ya hisa kwa kawaida hairuhusiwi kusogea zaidi ya asilimia 10 kwa siku, kwa hiyo hisa inayoporomoka inaweza kufungiwa kwenye kiwango hicho huku foleni ya wauzaji ikirefuka. Juu ya hayo, kamisheni ya dalali hukatwa kila unaponunua na kila unapouza, na kwa mbinu inayokosea mara mbili katika kila tatu, makato hayo peke yake yanaweza kuzimaliza zile 22,500 za mfanyabiashara wetu wa pili. Kasa walifanya kazi katika masoko zaidi ya ishirini kwa wakati mmoja, yenye wanunuzi na wauzaji tele, na hilo halikuwa pambo la mbinu bali sehemu yake.