Cheti cha BRELA si leseni ya kupokea fedha za watu

Nianze na karatasi. Karibu kila mlalamikaji wa utapeli wa uwekezaji anayefika mezani kwetu hapa Dodoma siku hizi anakuja na picha ya cheti kwenye simu: cheti cha usajili wa kampuni kutoka BRELA, wakati mwingine na namba ya mlipakodi chini yake na leseni ya biashara ya halmashauri. Anakionyesha kama anayeonyesha hati ya nyumba. "Lakini walikuwa wamesajiliwa." Ndiyo, walisajiliwa. Hata duka la spea za bodaboda linasajiliwa. BRELA inasajili majina na makampuni. Haimpi mtu ruhusa ya kukusanya fedha za umma na kuahidi faida.

Ruhusa hiyo inatoka kwingine. Anayepokea amana anapewa leseni na Benki Kuu ya Tanzania. Madalali wa hisa, washauri wa uwekezaji na mameneja wa mifuko wanapewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, chini ya sheria ya mwaka 1994, na ni CMSA hiyo hiyo inayoidhinisha waraka wa matarajio kabla kampuni haijauza hisa au hatifungani kwa umma. Orodha za wenye leseni ziko kwenye tovuti za taasisi hizi. Jina likikosekana humo, mazungumzo yamekwisha, na kusema kweli huwa sielewi kinachobaki cha kubishania.

Malalamiko huongezeka fedha zinapoingia mkononi. Wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi wakishalipwa, watumishi wa Mtumba wakipata malimbikizo, wastaafu wakipokea mkupuo. Tapeli anaijua kalenda hii kuliko sisi.

Sasa, teknolojia. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara Aprili 1998 lilikuwa na kampuni moja tu, TOL. Mtu wa huku kati aliyetaka hisa aghalabu alipanda basi au alimtuma ndugu. Leo anatumia Hisa Kiganjani, huduma ya simu ya soko hilo, inayopatikana hata kwa kitochi kupitia *152*00#, na vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS vinanunuliwa kwa fedha za simu huku unasubiri daladala. Hayo ni maendeleo na tunayahimiza.

Lakini kilichofupishwa ni njia. Ukinunua hisa, kwa simu au kwa karatasi, jina lako linaingia kwenye hifadhi kuu ya dhamana, katika akaunti inayoitwa CDS, na anayetunza daftari hilo si dalali aliyekuuzia. Dalali akifunga ofisi kesho, hisa zako ziko palepale. Kwa hiyo swali la kwanza si kama programu inapendeza, wala kama jirani yako "ameshalipwa". Uliza: jina langu limeandikwa wapi, na daftari analishika nani? Kwenye programu za matapeli, muuzaji ndiye mwenye daftari. Lile salio linalopanda kila asubuhi ni tarakimu aliyoiandika yeye mwenyewe, na anaweza kuandika yoyote.

Wengi huniambia hatifungani za serikali, yaani mikopo ya muda mrefu ambayo wananchi wanaikopesha serikali kwa riba, ni za matajiri na mabenki. Si kweli. Kiwango cha chini ni shilingi milioni 1. Unafungua akaunti ya CDS kupitia benki yako au dalali mwenye leseni, ukiwa na kitambulisho cha NIDA, picha ndogo na namba ya akaunti ya benki. Benki Kuu hutangaza mnada mapema, na minada hufanyika Jumatano. Unajaza fomu ya zabuni. Mwekezaji mdogo kwa kawaida huweka zabuni isiyo ya ushindani, maana yake anakubali bei ya wastani itakayopatikana kwenye mnada. Anayetaka kutaja bei yake mwenyewe anaweka ya ushindani na anakubali kwamba anaweza kukosa. Bei hutajwa kwa kila shilingi 100 za thamani ya hatifungani. Riba huingia benki mara mbili kwa mwaka, bila kumpigia mtu yeyote simu.

Hapa kuna jambo lililozua maneno mengi. Hatifungani ya miaka 25 ilianza kuuzwa mwaka 2021 kwa riba ya asilimia 15.95. Mwaka 2022 zile mpya zikashushwa hadi asilimia 12.56, na tukasikia watu wakisema serikali imewapunja waliokwisha kununua. Hapana. Riba ya hatifungani uliyonayo haibadiliki hadi iive. Mwenye milioni 10 kwenye ile ya zamani anaendelea kupata shilingi 797,500 kila miezi sita. Aliyeweka kiasi hicho kwenye mpya anapata 628,000. Na kwa sababu ya tofauti hiyo, mwenye ya zamani akitaka kuiuza sokoni kabla ya muda anayo nafasi ya kuuza juu ya bei ya 100. Riba mpya zikishuka, bei za zamani hupanda. Zikipanda, bei hushuka. Anayejua atahitaji fedha zake mapema inafaa alitafakari hili kabla ya kujaza fomu.

Shika kipimo hicho mkononi. Serikali, yenye uwezo wa kutoza kodi nchi nzima, inakopa kwa riba ya namna hiyo kwa mwaka. Anayekuahidi asilimia 30 kwa mwezi anasema laki moja yako, ukiiacha na faida yake, itapita shilingi milioni 2.3 baada ya miezi 12. Kama anao mtambo wa kufanya hivyo, anahitaji laki yako ya nini?

Neno upatu nalo linatuchanganya. Mtaani upatu ni ule mchezo wa akina mama wa Chang'ombe au Majengo: watu kumi wanaojuana, kila mmoja anachanga, kila mmoja ana zamu yake ya kupokea, hesabu inafungwa. Huo hatuna ugomvi nao. Upatu unaokatazwa na kifungu cha 171A cha Kanuni ya Adhabu ni ule ambao faida ya aliyetangulia inatoka kwenye mfuko wa aliyeingia nyuma yake. Wenye kumbukumbu hawajaisahau DECI, mpango wa upatu wa aina hiyo uliofungwa mwaka 2009. Kule waliita kupanda na kuvuna. Viongozi wake walishtakiwa kwa kuendesha upatu na kwa kupokea amana za umma bila leseni, na mwaka 2013 wakatiwa hatiani. Wanachama walilipwa kweli mwanzoni, ndiyo maana walileta ndugu zao. Kulipwa mara mbili hakuthibitishi chochote isipokuwa kwamba foleni nyuma yako ilikuwa bado ndefu.

Leo mbegu zimeitwa majina mengine: kutazama matangazo, kubofya kazi za kila siku, roboti ya akili mnemba inayofanya biashara ya fedha za kigeni ukiwa umelala. Tunaletewa pia video za viongozi na wafanyabiashara maarufu wakihimiza uwekezaji, sauti yao, midomo inacheza sawasawa, na wahusika hawajawahi kutamka maneno hayo. Usipoteze muda kukagua midomo. Rudi kwenye daftari na leseni.

Ishara moja haijawahi kutudanganya: ukitaka kutoa fedha, unaambiwa ulipe kwanza "kodi" au "ada ya kufungulia akaunti". Kodi halali haikusanywi hivyo. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa sokoni hukatwa asilimia 5 na kampuni yenyewe kabla halijakufikia. Inakatwa kwenye chako. Hutumi nyingine kwenda kukikomboa.

Kuhusu sarafu za kidijiti kuna hoja inayonichosha kidogo: kwamba kwa kuwa tangu Julai 2024 kuna zuio la kodi la asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijiti, basi serikali imezihalalisha na inazidhamini. Kodi si dhamana, wala si leseni. Tahadhari ya Benki Kuu ya Novemba 2019, iliyowaonya wananchi wasizifanyie biashara wala kuzitumia, ilikuwa wazi, nami siwezi kuongeza neno juu yake.

Nisieleweke kwamba chenye leseni hakipotezi. Hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850, na zikakaa miaka kadhaa chini ya bei hiyo. Aliyelazimika kuuza katika kipindi hicho alipata hasara halali kabisa. Bodi ya Bima ya Amana hulinda amana za benki hadi shilingi milioni 7.5 kwa mteja. Haigusi hisa wala vipande. Leseni inamaanisha kuna wa kumuuliza na kuna kumbukumbu. Basi.

Aliyekwisha kutapeliwa afanye haya, kwa haraka. Mpigie kwanza mtoa huduma wako wa fedha za simu, ndani ya saa hizo hizo ikiwezekana, maana fedha ikishatolewa kwa wakala hairudishwi kwa kubonyeza. Namba iliyotumika iripoti kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040, kisha uitaje namba yenyewe. Usijitoe kwenye kundi la WhatsApp au Telegram na usifute chochote, hata kama aibu inakusukuma. Nenda kituo cha polisi uandikishe, upewe namba ya RB. Na usilete mtu mwingine ndani ya mpango huo ili ufidie chako: kusambaza taarifa unazojua ni za uongo kwa njia ya kompyuta ni kosa chini ya kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili.

Ukija kwetu, leta ujumbe wa miamala wenyewe ulivyoingia kwenye simu, ukiwa na namba ya muamala, tarehe na jina la aliyepokea. Picha ya skrini iliyokatwa ikabaki kiasi peke yake tutakurudisha nayo nyumbani, na cheti cha BRELA unaweza kukiacha huko huko.